Somo la Kazi ya Balozi katika Darasa la Sita

Mwalimu akiwauliza watoto wa skuli ya Chukwani wangependa kazi gani wakikua, huenda mmoja akajibu, "Nataka kuwa balozi." Wenzake watacheka. Mwalimu naye asicheke, wala asimsifu mtoto upesi kisha akapita. Jibu hilo linatosha kuwa somo la dakika 40.

SHABAHA. Mwanafunzi aweze kueleza kazi ya balozi, na aweze kufikisha ujumbe wa mwingine bila ya kuuongeza wala kuupunguza.

VIFAA. Ramani ya dunia.

HATUA YA 1. Anza na linalojulikana. Watoto wamesikia habari za balozi wa nyumba kumi. Waulize: je, mtu anayetumwa na wenziwe husema maneno yake au ya waliomtuma? Kisha waongoze hadi kwa balozi wa nchi, anayesema ugenini kwa niaba ya taifa lake.

HATUA YA 2. Simulia habari za Mzanzibari Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alipelekwa Misri kuwa balozi. Baadaye alitumika India na China, kisha Umoja wa Mataifa, New York, ambako mwaka 1979 alichaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Tangu 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa. Watoto wazioneshe nchi na miji hiyo katika ramani.

HATUA YA 3. Ligawe darasa kuwa vijiji viwili vinavyogombania sehemu ya kuvulia. Kila kijiji kimnong'oneze mjumbe wake maneno ya kupeleka. Waliomtuma wasikilize kama ujumbe umefika kama ulivyo. Wakumbushe kwamba mjumbe hauawi: jibu chungu nalo lipokelewe kwa utulivu. Hapa watoto watagundua ugumu wenyewe, kwani mjumbe hutamani kuyatia asali maneno makali, na waliomtuma wakadanganyika.

TAHADHARI. Mwalimu asiahidi ubalozi. Uteuzi wa mwaka 1964 ulifanywa katika mwaka wa Mapinduzi, dola ilipokuwa changa. Siku hizi njia ya kawaida ni ndefu: kusoma hadi chuo kikuu, kujua lugha za kigeni, kuajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na kupanda ngazi kwa ngazi. Kipo pia Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978. Hata hivyo mabalozi huteuliwa na Rais, na maofisa wengi hustaafu bila ya kuufikia ubalozi. Mtoto aambiwe ukweli huu bila ya kuvunjwa moyo, kwa kuwa uaminifu wa kufikisha maneno utamfaa hata akiwa mvuvi, muuguzi au mwalimu.

TATHMINI. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya ujumbe uliomwia vigumu kuufikisha, na sababu yake.