Mali Ni ya Nani? Somo la Kijerumani

Msomaji ajuaye Kiingereza, akianza kujifunza Kijerumani, hujikwaa katika maneno ya kuonyesha mwenye mali. Neno "my" la Kiingereza halibadiliki kamwe. Katika Kijerumani husemwa "mein Vater", yaani baba yangu, lakini "meine Mutter", mama yangu. Jambo hili lisitushangaze, kwani hata sisi husema kitabu changu na nyumba yangu. Sisi twabadili mwanzo wa neno. Wajerumani hubadili mwisho wake.

Yafaa kuangalia sana neno "ihr". "Sein Geld" ni fedha zake mwanamume. Kwa herufi ndogo, "ihr Geld" ni fedha zake mwanamke, au fedha zao. Lakini "Ihr Geld", kwa herufi kubwa, ni fedha zako wewe uheshimiwaye. Basi aandikaye barua ya deni ajihadhari: herufi moja yaweza kumpa mtu mwingine haki yako.

Na neno hilo likianza sentensi, herufi kubwa haitambulishi kitu. Hapo ni heri kuandika "das Geld gehört Ihnen", fedha ni mali yako, au "das Geld gehört ihr", ni mali yake mwanamke.