SOMO LETU: Makaa Hushika, Lakini Pia Hujaa



Mara nyingi tunaulizwa: mtungi wa plastiki uliobeba petroli, tukiuwekea makaa yaliyopondwa hadi harufu iishe, si utafaa kwa maji ya kunywa? Hebu kwanza tujue makaa hufanya kazi gani.

Mahindi na mchanga tunavitenga kwa chekeche kwa kuwa havilingani ukubwa. Lakini ndani ya petroli mna vitu vinavyofanana sana: benzeni, tolueni na zaileni. Zaileni zenyewe ni ndugu watatu wa uzito mmoja. Wawili kati yao, para na meta, huchemka kwenye nyuzi 138 na 139 hivi. Ukiwachemsha, wanatoka karibu pamoja. Kwa hiyo viwandani hutumia zeolaiti, madini yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho. Zeolaiti iliyotayarishwa kwa kazi hiyo humshika para kwa nguvu kuliko ndugu zake, nao wanapita. Kisha para huoshwa kwa kioevu kingine, akatengenezewa chupa za soda za plastiki na nguo za polista.

Makaa nayo hushika benzeni na ndugu zake kwenye kuta za vijitundu vyake. Ndiyo maana harufu hupungua. Lakini angalieni:

1. Kiwandani zeolaiti huoshwa na kutumika tena. Makaa yenu yakishajaa, sumu inapita tu, na macho hayaoni.
2. Makaa ya jikoni hayakutayarishwa kama yale ya vichujio. Hushika kidogo, na hamna namna ya kujua ni kiasi gani.
3. Plastiki yenyewe hunyonya petroli na kuirudisha majini polepole.

Pua nayo si kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 ya benzeni kwa lita ya maji. Kiasi hicho pua haisikii kabisa, na benzeni huleta saratani ya damu. Kuchemsha huua vijidudu. Msikutegemee kuondoa petroli.

Basi, mtungi wa petroli upakeni rangi nyekundu, ubaki wa petroli. Kisima kikinuka mafuta, acheni kuchota, mwiteni afisa wa afya. Heri kinga kuliko tiba.

Ya kujadili: Mitungi yenu ya maji ilibeba nini kabla ya kufika kwenu? Nani atakayeikagua?