Mkiachana, mtoto asiwe mgonjwa wa ugomvi wenu

MTOTO wa miaka sita aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani aanza tena. Mwingine alalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi, na daktari akimpima haoni ugonjwa. Mzazi, ukiona dalili kama hizi, mpeleke mtoto hospitalini kwanza. Akipatikana hana maradhi, tazama hali ya nyumbani. Huenda ukakuta baba na mama wametengana na mtoto anavutwa huku na huku. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Fahamu kwamba ndoa ikivunjika, uzazi hauvunjiki. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au la. Chasema pia kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo.

Nani akae na mtoto?

Mahakama ya Watoto haimpi mtoto mzazi aliye tajiri zaidi. Huangalia mwenendo wa wazazi, usalama na afya ya mtoto, masomo yake, na matakwa yake mwenyewe iwapo ana umri wa kuelewa. Mmoja aweza kupewa ulezi wa kila siku na mwenzake akapangiwa siku za kumwona. Ikiwa mzazi huyo humpiga au kumdhuru, mahakama yaweza kuzuia ziara hizo au kuamuru zisimamiwe.

Matunzo ni nini?

Ni chakula, makao, mavazi, karo na matibabu. Hakuna kiasi kimoja kwa wote: mahakama hupima kipato cha kila mzazi na mahitaji ya mtoto. Mwanamume akikana kwamba mtoto ni wake, mahakama yaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mama asema, "Hajatuma pesa, basi hamwoni mtoto." Baba naye asema, "Sionyeshwi mtoto, basi silipi." Matunzo si nauli ya kumwona mtoto, na ziara si risiti ya malipo. Zote mbili ni haki za mtoto. Asiyelipiwa matunzo na adai mahakamani. Anayezuiwa kumwona mtoto na aombe amri ya mahakama. Mtoto asilale njaa wala asikose mzazi kwa sababu ya deni la mtu mzima.

Ufanye nini?

Anzia kwa Afisa wa Watoto aliye karibu nawe. Yeye huwaita wazazi wote wawili, na mkikubaliana, andikeni makubaliano hayo. Mkishindwa, nendeni mahakamani. Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, na risiti za karo na hospitali. Kila mzazi atatakiwa kueleza kipato chake kwa hati ya kiapo, kwa hivyo sema ukweli. Mtoto akidhulumiwa, piga simu nambari 116 bila malipo.

Kuhusu afya, kubalianeni mambo matatu mapema: nani atamwandikisha mtoto katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, nani atatunza kitabu cha kliniki, na dawa zitasafiri vipi. Mtoto wa pumu akienda kwa baba Ijumaa, dawa yake ya kuvuta iwe mkobani, na baba ajue jinsi ya kuitumia.

Mwisho, usimtume mtoto kupeleka matusi wala kudai pesa, na usimwulize anampenda nani zaidi. Mwambie waziwazi kwamba si yeye aliyewatenganisha, na kwamba nyote wawili bado ni wazazi wake. Maneno hayo hayauzwi katika duka lolote la dawa, lakini humpa mtoto usingizi.