Unaanza Kuhesabu Lini?

Chama kimoja cha Mbololo kimeweka akiba, na wanachama wanataka sehemu yake iende kwenye hisa. Tatizo ni simu zao: asubuhi mtu mmoja anasema nunua, jioni mwingine anasema kimbia, na wote wawili wana takwimu. Niliwahi kufanya kazi dirishani kwa wakala wa hisa, nikiwajazia watu fomu, kwa hiyo wakaniita Tausa Jumamosi moja. Haya ndiyo waliyoniuliza.

*Mwalimu, mtu akisema hisa za Safaricom zimepanda mara tisa, na ni kweli, upendeleo uko wapi hapo?*

Uko kwenye tarehe. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalifurika hata wengi wenye mifuko midogo wakapewa kama moja ya tano tu ya walichoomba. Juni zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilipita shilingi 7. Mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Agosti 2021 ikakaribia 45, na mwishoni mwa 2023 ilikuwa imeporomoka chini ya 15.

Sasa shikeni kalamu. Anayeanza 2008 na kuishia 2021 anapata mara tisa. Anayeanza 2021 na kuishia 2023 amepoteza theluthi mbili. Aliyenunua ile wiki ya kwanza ya shangwe, miezi michache baadaye amebaki na chini ya nusu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amechagua pa kuanzia, na uchaguzi huo ndio maoni yake. Mimi huuliza swali moja tu: mbona umeanzia hapo?

*Basi tutautambuaje ukweli wenyewe?*

Nyinyi wa Mbololo mnalijua hili kuliko mimi. Mtu akija mbio akisema ndovu wametoka Tsavo wameingia shambani, hamwambii "tunakubali" wala "tunakataa". Mnauliza: nani amewaona? Saa ngapi? Kinyesi ni kibichi au kimekauka? Ukweli una mahali pa kwenda kuukagua. Kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi hulazimika kutoa hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi minne baada ya mwaka wake wa fedha kwisha. Ikiona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, ni lazima ionye umma mapema. Huko ndiko pa kwenda kutazama nyayo.

*Tukishaikuta namba kwenye hesabu, si mambo yamekwisha?*

Hapo ndipo yanapoanza, mama. Safaricom ilitoa mgao wa shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka ulioishia Machi 2023. Mwaka uliofuata, 1.20. Machi 2025, 1.20 tena. Mwenye kuipenda kampuni atakuandikia: "Mgao ni thabiti." Asiyeipenda ataandika: "Mgao umekwama." Namba ni ileile, neno lililobandikwa juu yake ndilo lenye moyo wa mtu. Mkisoma ujumbe, futeni kwanza maneno ya sifa na ya lawama, mwone kinachobaki. Mara nyingi hakibaki kitu. Na neno "kwa sababu" lisomeni polepole: "imepanda" hukaguliwa, lakini "imepanda kwa sababu mkurugenzi ni hodari" ni maoni yaliyopanda mgongoni mwa ukweli.

*Mwenye hisa zake asizisifie?*

Azisifie. Dalali wa mbuzi naye husifia, na hatumwiti mwongo. Tunamshika mbuzi tukamtazama meno. Ila tunajua yeye ni dalali. Kwenye simu hujui. Niliwahi kununua hisa za kampuni fulani kwa kuamini sifa za rafiki yangu, wiki nzima akizimwagia asali. Baadaye alikiri kwamba wiki hiyohiyo alikuwa akiziuza zake. Sikumlaumu sana. Sikuwa nimemuuliza.

*Na wale wenye "habari za ndani"?*

Zikiwa za uongo, umeliwa. Zikiwa za kweli, kuzifanyia biashara ni kosa la jinai. Kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilipotangaza mwaka 2018 kwamba inainunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilichunguza ununuzi uliofanyika kabla ya tangazo na kuzuia akaunti. Tuendelee.

*Kijana wetu anasema kampuni iliyoanguka ndiyo ya kununua, eti tazameni Kenya Airways.*

Ni kweli: hisa zake zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Lakini mwulizeni mbona hataji kampuni ya sukari ya Mumias, ambayo hisa zake zilisimamishwa 2019 na wenye nazo wakabaki na karatasi. Walioponea hupiga kelele, walioumia hunyamaza, na simu haileti sauti ya aliyenyamaza. Huu ndio upendeleo unaonitisha zaidi, maana hakuna mtu mmoja unayeweza kumlaumu.

*Tuanze na ngapi?*

Zamani ilibidi ununue angalau hisa 100. Tangu Agosti 2025 hata moja inauzwa. Nunueni moja, kisha jichunguzeni: mwezi mmoja baadaye, ujumbe unaoisifia hisa yenu utawapendeza kuliko leo, na unaoikosoa mtauona wa chuki. Hisa moja tu, na tayari mna upande.

Mama aliyeketi karibu na mlango alimgeukia yule kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiipigia debe benki moja.

"Wewe mwanangu, za hiyo benki unazo ngapi?"

Kijana akacheka, akaitia simu mfukoni.