Somo la Kiingereza: Hupanda, Ninapanda, Nimepanda



Zamani kidogo, katika ofisi moja niliyokuwa karani, mkulima alileta barua ya Kiingereza: "My cow has slept." Niliisoma nikadhani ng'ombe alilala usiku akaamka salama, nikaiweka chini ya barua nyingine. Kumbe mwenzetu alitaka kusema ng'ombe amelala chini, hawezi kuinuka. Bwana Mifugo alipofika siku ya tatu, alikuta ngozi imekwisha kuwambwa. Basi tujifunze pamoja, ili hasara ile isirudi.

Kiingereza kina njia tatu kubwa za kusema habari za sasa.

1. Kazi ya desturi. Sisi hupanda mahindi mvua za Machi zinapoanza. Andika: "I plant maize in March." Akiwa mtu mwingine mmoja, ongeza s: "My wife plants beans."

2. Kazi iliyo mikononi sasa. Jembe umelishika, jasho linatoka. Andika: "I am planting maize."

3. Kazi iliyokwisha, na matokeo yake yapo. Mbegu zimo ardhini. Andika: "I have planted maize."

Sisi wa Mbita na Lambwe tunaosema Kijaluo tuangalie sana. "Apidho oduma" hutumika kwa njia ya kwanza na ya pili pia. "Asepidho oduma" ndiyo ya tatu. Kwa hiyo ya kwanza na ya pili hutuchanganya. Kabla ya kuandika jiulize: ni kila msimu, au ni sasa hivi?

Jambo hili si dogo. Bonde la Lambwe linajulikana kwa mbung'o na ugonjwa wa nagana. Fomu ikiuliza kama hunyunyizia mifugo dawa, nawe ukajibu "I am spraying," msomaji ataelewa kwamba pampu iko mkononi leo. Hatajua kama ni desturi yako. Jibu: "I spray my cattle every month," ikiwa ndivyo ufanyavyo.

Sasa angalia mtego wa "me". Kwa Kiswahili "amepanda" ni kazi iliyokwisha, lakini "amelala", "amesimama" na "amechoka" huonyesha hali iliyopo. Kiingereza husema: "The cow is lying down", "is standing", "is tired". Barua ile ingeandikwa "My cow is lying down and cannot get up", ningekimbia nayo.

Tena, maneno ya kujua, kutaka na kumiliki hayapendi njia ya pili. Sema "I know", "I want", "I own two acres". Usiseme "I am knowing".

Zoezi. Funika majibu kwa mkono, kisha ugeuze kwa Kiingereza:
(a) Sasa hivi ninang'oa kayongo.
(b) Mbuzi amekufa.
(c) Ng'ombe huyu hutoa maziwa kila siku.
(d) Ninahitaji mbegu.

Majibu: (a) I am uprooting striga now. (b) The goat has died. (c) This cow gives milk every day. (d) I need seed.

Na mnyama akiwa taabani, usihangaike na Kiingereza. Kwa Katiba ya 2010 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Kenya. Andika upesi kwa lugha unayoiweza, kisha urudi kwenye somo.