Mwethya wa Kalamu: Ushirika wa Waandishi na Hatima ya Mswada Uliolala

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza swali linalowasumbua wengi wetu kimyakimya: kwa nini kazi ya fasihi iliyoanzwa kwa ari hulala sandukuni miaka na mikaka, na ni nini kinachoweza kuiamsha? Hoja yetu ni kwamba mara nyingi mswada hukwama kwa kukosa watu wanaoungoja, hata pale ambapo mwandishi ana kipawa na karatasi anazo. Tutaanza na mfano wa Ukambani, tutapitia historia ya fasihi kwa ufupi, kisha tutapendekeza utaratibu unaofaa wanafunzi wa mahali kama Kwa Vonza, Kitui, palipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya.

2.0 Dhana ya mwethya

Wakamba huita mwethya ule utaratibu wa majirani kukusanyika ili kumfanyia mwenzao kazi asiyoiweza peke yake, kama vile kujenga nyumba au kulima. Mwenyeji huwaandalia chakula, na siku atakapoitwa naye hana budi kuitika. Waswahili wana neno lililo karibu na hilo: ujima. Kuanzia miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilitumika sana kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo.

Tukiuchunguza utaratibu huo tunaona nguzo tatu. Kwanza, kazi hupimwa: watu huitwa kuchimba tuta fulani, hawaitwi "kuendeleza shamba". Pili, siku hutajwa, kwa kuwa tuta lisilochimbwa kabla ya mvua halina faida msimu huo. Tatu, kuna deni la kurudishiana. Mtu aliyesaidiwa huona haya kukaa kitako. Mwandishi aliyejifungia peke yake hukosa nguzo zote tatu. Hajui amebakiza kiasi gani, hana siku ya mwisho, wala hana mtu wa kumwonea haya.

3.0 Ushahidi wa kihistoria

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, aliandika mswada alioupa jina The Black Messiah kwa ajili ya shindano la riwaya la East African Literature Bureau la mwaka 1961. Mswada huo ndio uliozaa The River Between, iliyochapishwa mwaka 1965. Kwa upande wa Weep Not, Child, aliutoa mswada wake kwa Chinua Achebe katika kongamano la waandishi lililofanyika Makerere mwaka 1962, na riwaya ikatoka mwaka 1964. Hapa tunaona tarehe ya shindano upande mmoja, na jicho la mwandishi mwenza upande wa pili.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wa Kiswahili. Kitabu Historia ya Kiswahili cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala kilichapishwa mwaka 1977. Mnyampala alikuwa amefariki mwaka 1969, na Chiraghdin mwaka 1976. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekishika kitabu hicho mkononi, lakini vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Kazi yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuijali inaweza kuvuka hata kaburi. Kazi iliyofichwa na mwenyewe huzikwa naye.

Katika karne hii, mwaka 2014, ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika iliyojulikana wakati huo kama Mabati-Cornell, ambayo ilipokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya namna hiyo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, shindano lina tarehe lakini halina jirani. Halimuulizi mwandishi amefika sura ya ngapi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na ushirika.

4.0 Pendekezo la utaratibu

Tunapendekeza vikundi vya watu watano, vikutane mara moja kwa wiki katika muhula mmoja. Kila mwanachama alete kazi moja aliyoiweka kando kwa mwaka mmoja au zaidi, na aeleze kwa kipimo kile kilichobaki: sura mbili, onyesho moja, au beti thelathini. Siku ya zamu yake asome kwa sauti kurasa zisizozidi kumi. Wasikilizaji wajibu maswali matatu tu: Nilipotelea wapi? Nilitamani kujua nini zaidi? Ni mhusika gani sikumwamini? Siku ya mwisho itangazwe mapema, kabla ya majira ya mitihani.

5.0 Pingamizi

Huenda msomaji akauliza: Je, kazi haitapoteza sauti ya mwenyewe? Hofu hii ina msingi, hasa katika ushairi, ambapo neno moja likibadilishwa mizani na maana huyumba. Jibu limo katika mwethya wenyewe. Majirani huchimba tuta, lakini mbegu ni hiari ya mwenye shamba. Vivyo hivyo, mwanakikundi aonyeshe palipobomoka, asiishike kalamu ya mwenzake.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kukamilika kwa mswada ni jambo la kijamii kama lilivyo la kisanaa. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya kulaumu uhaba wa wachapishaji, kila mmoja wetu na afungue sanduku lake, ahesabu kurasa zilizobaki, kisha amwite jirani. Naye akiitwa kesho, aitike.