Moyo Usiohudhuria Sala

Somo letu la mwezi huu twalianza kwa kukiri kosa, kwani kosa lenyewe ni letu.

Mwaka jana, wakati wa masika, mwenzetu mmoja wa darasa alibaki msikitini baada ya sala ya isha akatuuliza swali. Yeye alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja huko Diani, na kama ilivyo ada, mvua zilipoanza na wageni wakapungua, aliambiwa akakae nyumbani mpaka aitwe. Akakopa, akanunua pikipiki, akawa achukua abiria baina ya Ukunda na ufuoni. Asubuhi hulipa mkopo wa pikipiki. Jioni hulipa mkopo wa simu aliouchukua ili alipe ule wa asubuhi. Akasema: "Masheikh, tangu niseme Allahu Akbar mpaka nitoe salamu, mimi nafanya hesabu. Sijui nimesoma nini. Usiku silali. Je, sala yangu ni sala?"

Tulimjibu upesi, maana usiku ulikuwa umeingia na kila mmoja wetu alitaka kwenda kwake. Tukamwambia azidishe imani, asome Qur'ani, na aogope asije akawa miongoni mwa wale waliotishwa katika Suratul Maun kwa kughafilika na sala zao. Akaitikia, akaenda zake, na darasani hakuonekana tena. Baada ya wiki tatu tukasikia kwamba ameanguka kituoni akingoja abiria, akapelekwa hospitali, presha ikakutwa iko juu sana. Kabla ya hapo jamaa zake walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa mganga, akaambiwa ana jini, akatozwa fedha, likawa deni juu ya deni.

Tulikwenda kumzuru tukiwa na haya. Mganga alimdanganya, na hilo twalisema wazi wala hatumwogopi mtu. Lakini sisi tulimpa nini? Mganga walau alimkalisha akamsikiliza.

Haya tuyaandikayo, basi, ndiyo tuliyopaswa kumwambia usiku ule.

Kwanza, fikira kupita moyoni hakuivunji sala. Mtume (s.a.w.) alisali siku moja amevaa nguo yenye nakshi, alipokwisha akaamrisha irudishwe kwa Abu Jahm, aletewe nguo yake nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha. Tena alikataza mtu asisali hali chakula kimekwisha kuandaliwa mbele yake. Katika mafunzo hayo mawili hapana kumkemea mwenye kushughulika. Liko agizo la kuondoa chenye kumshughulisha. Nasi leo nguo yetu ya nakshi twaijua. Imo mfukoni, na hata ikinyamazishwa hutetemeka pajani katikati ya sijida, na mwenye nayo huanza kujiuliza ni nani. Katika msikiti wetu tumeweka kasha karibu na mlango. Wapo waliokasirika. Na wawe na hasira. Sala ya jamaa haifiki robo saa.

Pili ni haraka. Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba mtu akisikia ikama aende kwa utulivu wala asikimbie, atakachokidiriki asali, na kilichompita akitimize. Aliyewahi kuvuka Likoni wakati wa asubuhi ajua ugumu wa agizo hili. Mlango wa feri ukiteremshwa hukimbia wote, hata yule asiye na haraka hukimbia kwa kuwa wenziwe wakimbia. Mbio hizo ndizo tuingiazo nazo msikitini, tukarukuu kama kuku adonoaye mtama. Yule bwana aliyesali kwa pupa mbele ya Mtume alirudishwa mara tatu, akaambiwa hajasali, kisha akafunzwa kutulia katika kila nguzo mpaka viungo vikae mahali pake. Utulivu huo ni wa kiwiliwili, na kiwiliwili mtu akimiliki zaidi kuliko moyo. Asiyeweza kuukamata moyo wake aanze kwa kuyatuliza magoti.

Wapo watakaodhani kwamba dhiki ya moyo ni ya watu dhaifu wa dini. Na wamtazame Imam Ghazali. Katika mwaka wa 488 wa Hijra, nao ni 1095, alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, jina lake limeenea, wanafunzi wamejaa. Akasimulia mwenyewe kwamba kwa muda wa kama miezi sita alivutwa huku na huku na nafsi yake, mpaka ulimi ukafungika asiweze kusomesha, tena chakula kikawa hakishuki. Waganga wa tiba wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yameanzia moyoni, wala hayataondoka mpaka moyo upumzike. Hakuna aliyesema kwamba Ghazali hana imani! Aliacha cheo, akaenda Sham. Baadaye alipoandika katika Ihya juu ya kuhudhuria moyo katika sala, aliandika kama mtu aliyeugua. Asema sababu za nje ziondolewe kwa kuzuia macho na kukaribia ukuta, na za ndani zitangulizwe kwa matayarisho kabla ya takbira. Na ikiwa fikira hazikomi, basi ni kwa kuwa kipo kitu ambacho moyo umefungwa nacho, na dawa ni kukikata hicho chenyewe. Tutarudi hapo.

Kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, akazungumza habari za hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Yeye ashauri kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani kwa ajali isiyotazamiwa, vivyo hivyo aweke moyoni fikira njema wakati wa raha, zimfae siku ya msukosuko.

Vijana wetu wa hotelini wametuuliza pia juu ya mazoezi wanayowaona wageni wakiyafanya ufuoni, ya kukaa kimya na kuifuata pumzi. Mengi ya hayo yalienea hospitalini kutoka Massachusetts, Marekani, ambako Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafunza wagonjwa, akichukua njia za Mabudha na kuziondolea ibada zao. Rai yetu ni kwamba kuvuta pumzi polepole ili kifua kitulie si ibada ya mtu yeyote, wala haramu hatuioni; kumnuia au kumtukuza asiyekuwa Mwenyezi Mungu ndiyo haramu. Ila tusiende kuazima kwa jirani hali ghala yetu imejaa. Tafakuri ni yetu. Ukifika alasiri Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, chini ya mibuyu ile mikongwe, ukakaa kimya robo saa kabla ya adhana, utafahamu tusemalo.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Katika dua iliyopokewa na Anas, Mtume (s.a.w.) akijikinga kwa Mola wake na mashaka ya moyo na huzuni, alitaja pamoja nayo uzito wa deni. Tulipoikumbuka dua hiyo ndipo tulipoona tulivyokosea. Tulikuwa tukimtaka mwenzetu autulize moyo hali kamba ingali shingoni. Tukakaa naye wanne, na daftari. Ilikuwapo mikopo mitano. Mitatu ni ya simu, na ziada zake zilipita alichokula. Darasa likamkopesha karadha isiyo na riba, akaimaliza ile mitatu, na masharti yakawa mawili: aache kukopa kwa simu, na dawa za hospitali asiziache hata akijiona mzima. Mkopo wa pikipiki ungaliko, na hoteli ilimwita tena kwa miezi michache tu.

Siku hizi huja msikitini dakika kumi kabla ya magharibi. Hutia simu kashani, hutawadha taratibu, akiisikia baridi ya maji katika kila kiungo, kisha huegemea nguzo ya barazani. Atuambia hesabu bado zamjia katika sala. Zikija hagombani nazo, hurudi kwenye neno analolisoma, na zikija tena hurudi tena. Juma lililopita usingizi ulimchukua pale pale barazani. Muadhini alitaka kumwamsha, tukamzuia mpaka ikama.